Godi alivyokwama akituchambulia swali la tatu, sisi tukadhani ni utani

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea mbele ya macho yangu, sitaongeza chumvi.

Niko Moshi mjini, natengeneza website za kampuni za utalii. Weekend huwa nashiriki contest za programming mtandaoni na washikaji niliosoma nao chuo. Contest ikiisha tunahamia Telegram kuchambua maswali: nani alikwama wapi, nani alipita njia gani.

Mwalimu wetu pale ni Godi wa Uru, kijijini huko juu ya mji. Alirudi kwao kumsaidia mama yake na ng'ombe na kahawa huku akitafuta kazi. Hata uwe mzito kiasi gani, Godi akikutumia voice note moja unaelewa.

Jumamosi ile swali la tatu lilitutoa jasho karibu wote. Kwa wasio wa fani: una magunia ya uzito tofauti, na kigari kinachobeba magunia mawili tu bila kupita uzito fulani. Tafuta safari chache kabisa za kuyamaliza.

Tukamwita Godi atufafanulie.

Akaanza vizuri kwa voice note. Panga magunia, zito mwanzo, jepesi mwisho. Halafu akarudia. Akarudia tena. Magunia yakageuka mbuzi. Ulimi mzito kama wa mtu aliyetoka kung'olewa jino. Code aliyotuma ilikuwa mstari ule ule, umejirudia hadi chini.

Group zima kicheko. "Leo mbege imekolea!" mmoja akaandika.

Wakuu, Godi hanywi. Huyo ni mtu wa kwaya, usharika wote unamjua. Nikampigia.

"Godi, uko poa?"

"Usinisumbue kaka, niko kwenye contest."

"Contest imeisha. Si tunachambua hapa?"

"Bado. Nimebakiza la tatu."

Nikachukua bodaboda hadi Uru.

Nilimkuta barazani anachapa kwenye laptop. Kioo cheusi. Chaji imeisha, yeye anachapa tu, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala pajani kama si wake.

"Shikamoo mama. Godi ameanza lini kuwa hivi?"

"Marahaba mwanangu. Kichwa analalamika siku nyingi, nikajua ni hiyo kompyuta. Si unajua hapumziki?"

Jirani mwenye pickup akatushusha mjini, hospitali. Njiani Godi akaacha kabisa kuongea.

Daktari alipouliza kama aliwahi kuanguka, mama alishika mdomo. Wiki chache nyuma Godi aliteleza kihambani, shambani kwao, na mzigo wa majani ya ng'ombe, akagonga kichwa kwenye jiwe la mfereji. Aliinuka, akacheka, akabeba mzigo wake akaendelea.

CT scan ikaonyesha damu ilikuwa inavuja taratibu ndani ya fuvu tangu siku ile, sasa inaukandamiza ubongo. Akapasuliwa. Tunasema alipona, kwa maana yuko hai.

Anatembea, anakula, anaongea. Ila akisoma, akifika mwisho wa mstari mwanzo umeshafutika. Juzi nilimfungulia code yake ya zamani.

"Nani kaandika hii?"

"Wewe."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Huyu jamaa ana akili."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Yule wa mbege alikuja hospitali, akalia mpaka mama Godi ndiye akawa anambembeleza. Simlaumu. Kwenye chat hakuna anayemwona mwenzake usoni. Ila contest hatujafanya tena, na hakuna aliyesema tuache.

Nilichojifunza: mtu unayemjua akibadilika ghafla, hata kwa maandishi, mpigie kwanza, utani baadaye. Na mtu akigonga kichwa, hata akiinuka anacheka, mpelekeni akapimwe.

Mama yake ameniuliza kama akili ya mwanae itarudi. Madaktari wanasema tusubiri.

Kwa hiyo mwenye ndugu aliyepitia upasuaji kama huu, naomba andika hapa chini ilivyokuwa, hata kama haikuisha vizuri. Kesho napanda Uru, nitamsomea mama majibu yenu yote. Mkimpa moyo wa uongo atajua.