Maharage ya Hofu

Kutoka Mwanza hadi kijiji cha Mabawe tulisafiri siku tatu, mimi na baba, na siku zote tatu sikuacha kuuliza tumebakiza mwendo gani. Baba alikuwa dereva wa katapila la barabara, leo Shinyanga, kesho Tabora. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo nilikuwa napelekwa kwa bibi mzaa mama. Tulivuka ziwa kwa kivuko pale Busisi, tukadandia lori la mizigo hadi Geita, tukapata jingine hadi Biharamulo. Baada ya hapo ikawa misitu na vumbi jekundu, kisha milima ya Ngara, migomba juu ya migomba. Nimezunguka sana tangu hapo, rafiki yangu. Nimekaa katika miji ambayo sasa nayachanganya majina yake, lakini safari ile bado naiota kana kwamba sijafika.

Juzi nilimwona binti yangu akitafuna kifuniko cha kalamu mbele ya hesabu za kugawanya. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba mara mbili bila sababu. Miguu ilikuwa imekumbuka kitu kabla ya kichwa.

Bibi alinipokea kwa kicheko. "Mume wangu kafika, na hata ndevu hana!" Alisema Kihangaza, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Nyumbani kwake tulikuwa wajukuu wengi, tukila ndizi zilizopikwa pamoja na maharage kwenye sinia moja. Wakati wa kula hakutuhesabu hata siku moja. Alituita kwa majina, mmoja mmoja, asiyeitika anatafutwa. Hata mbuzi wakiingia zizini aliwatazama tu, kisha akasema, "Yule mwenye doa hajafika." Nilipojaribu kuwahesabu watoto kwa kidole alinipiga kofi mkononi. "Watoto wanatajwa, hawahesabiwi. Ukiwahesabu, kifo nacho kinasikia."

Asubuhi nikienda shule mambo yalikuwa kinyume chake. Huko kila kitu kilihesabiwa. Rimu ya gari ikigongwa tulikimbia mchakamchaka, tukapanga mistari, tukaingia kwenye hesabu za kichwa. Mwalimu mkuu alipita nyuma yetu tukiwa tumesimama, fimbo mgongoni mwake, akauliza ghafla, "Nane mara saba!" Nilijua jibu njiani, nililijua hata nikichota maji chemchemini. Lakini nikisikia viatu vyake vikisimama nyuma yangu, namba zote ziliruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni mara nyingi hadi nikaujua kila ufa wa ukuta wa choo kile.

Tulipoingia darasa la sita akaja mwalimu kijana, mwenyeji wa upande wa Tabora, asiyejua lolote kuhusu kwetu. Siku ya kwanza alimwuliza msichana niliyekaa naye dawati moja, "Kwenu mko watoto wangapi?" Msichana akasimama, akaanza kutaja majina.

"Sikuuliza majina," mwalimu akasema. "Nataka idadi."

"Mwalimu, hiyo hatuisemi."

"Kwa nini?"

"Kwani wewe kwenu mnataka kufa?"

Darasa likacheka. Mwalimu mkuu angemchapa. Yule kijana alikaa juu ya meza, akauliza wangapi kati yetu wanaogopa namba. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nadhani ndipo alipopata wazo lake, maana wiki iliyofuata alikuja na mfuko wa maharage ya shamba la shule na kila mmoja akaambiwa alete kopo.

Utaratibu ulikuwa huu. Kabla ya hesabu kila mmoja alipewa punje kumi. Kama huogopi, kopo linabaki tupu. Kama hofu imekufika magotini, weka chache. Kama imekujaa mwili mzima, weka zote kumi. Alipita akiandika idadi kwenye daftari, kando ya maksi zetu. Wenye punje nyingi aliwauliza wakiwa wamekaa, na aliwasubiri. Ijumaa maharage yote ya makoponi yaliingia chunguni, tukala. Jirani yangu wa dawati alikuwa akipaza sauti, "Mwalimu, mimi leo naogopa gunia zima, tushibe!"

Mimi niliacha kopo tupu. Kila siku. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa.

"Wewe peke yako huogopi?" mwalimu akaniuliza siku moja.

"Huyu?" jirani yangu akadakia. "Kaptula yake inatetemeka yenyewe!"

Mwalimu hakucheka. Aliinama juu ya daftari langu. "Umeandika tarehe mara tatu," akasema polepole. "Sitaki uwe jasiri. Nataka nijue pa kuanzia."

Nikafuta tarehe mbili. Na hesabu, rafiki yangu, hazikuwa jambo dogo kwangu. Baba alikuwa ameleta barua kwamba nisipochaguliwa kwenda sekondari atanichukua nikamwoshee katapila.

Kisha vita vikaja. Redio ya ofisi ya kijiji haikuzimwa, nyimbo zetu za mchakamchaka zikabadilika, na kwenye mkutano majina ya wanaokwenda vitani yakasomwa. La mwalimu wetu lilikuwamo. Asubuhi yake ya mwisho aliingia na mabuti makubwa kuliko miguu yake. Tukasimama, "Shikamoo mwalimu!" Alikawia kuitikia. Alichukua kopo, akaliweka mezani, akahesabu punje kwa sauti, moja baada ya nyingine, hadi kumi.

"Haya ya leo ni yangu," akasema. "Marahaba, kaeni. Fungueni sehemu za kugawanya."

Akafundisha kipindi kizima.

Nikaweka tisa kwenye kopo langu. Alipofika kwangu alizihesabu, akaandika. "Sasa tumeanza," akasema. Ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho.

Mwalimu mkuu alirudi darasani kwetu na fimbo yake, maharage yakapikwa yakaisha. Siku ya mtihani wa darasa la saba namba ziliruka vilevile. Nikajiambia moyoni, punje nane, labda tisa, kisha nikaandika jibu la kwanza, halafu la pili. Sikuomba kwenda chooni.

Nilichaguliwa. Jirani yangu hakuchaguliwa. Alinisindikiza hadi barabarani akiwa na jembe begani. "Nenda, mwongo wewe," akasema, akanigeuzia mgongo haraka. Bibi hakuuliza nitakaa huko miaka mingapi. Sikurudi tena kuishi. Naambiwa bibi alizikwa mgombani, shamba la kijiji liligawanywa, na shule ile ina kengele ya umeme. Mwalimu kijana hakuna anayeniambia habari zake.

Siku niliyoondoka, lori letu lilisimamishwa Nyakahura, njia ya Biharamulo, kupisha malori ya wanajeshi waliokuwa wakirejea. Wote walikuwa wekundu kwa vumbi, nyuso zote zimefanana. Nilipanda juu ya magunia nikimtafuta, uso baada ya uso, hadi macho yakaniwasha. Mwishowe nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Mwalimu! Nimefaulu hesabu!"

Wakashangilia. Lori baada ya lori, wanaume wote wale wakaniinulia mikono.