Alhamisi za Rubani

Mume wangu ni shujaa, nishani yake iko kwenye kabati la vioo sebuleni, na mimi kwa miaka mingi nilikuwa na hakika kwamba ana mwanamke.

Niseme ushujaa kwanza, maana wageni wote huanzia hapo. Alikuwa rubani wa jeshi la anga. Siku zile jangwa la kaskazini lilikuwa doa jeupe kwenye ramani, hakuna aliyejua ndani yake kuna nini, naye alitumwa kulipiga picha kutoka juu, kipande kwa kipande. Safari ya kumi na moja mafuta yalimwishia. Akaitua ndege kwenye ziwa lililokauka, akawaongoza wenzake wawili kwa miguu siku sita, filamu za picha amezifunga kifuani. Walifika hai wote, na visima vitatu walivyovigundua njiani vimo kwenye ramani hadi leo. Fundi wa ndege, ambaye fomu yake ilisema matangi yamejaa kumbe tangi la akiba lilikuwa tupu, alifukuzwa jeshini. Mtu huyo nilimlaani mezani kwangu, mbele ya wageni, mara zisizo na idadi. Nilimwita mzembe aliyetaka kunifanya mjane. Mume wangu alikuwa akinyamaza na kuendelea kula. Nilidhani ni ungwana.

Sasa huyo mwanamke. Mzee alipostaafu alianza kutoka kila Alhamisi saa tisa mchana na kurudi saa kumi na moja. Ukimwuliza, alikuwa klabu na wenzake. Mimi nilikuwa opereta wa simu kambini, ndiko tulikojuana, na ukishaunganisha simu za watu miaka ishirini unaitambua sauti inayoficha kitu. Nilivumilia, nikajiambia mtu mzima hachungwi. Halafu klabu ikafungwa mwezi mzima ipakwe rangi, naye akaendelea kwenda. Njia ya mwongo fupi.

Nikaanza upelelezi. Taulo letu dogo la bluu lilikuwa limetoweka. Shati la Alhamisi lilinukia sabuni ambayo haijawahi kuingia nyumbani kwangu. Na kwenye mkono wa shati nikaokota vinywele vifupi vyeupe, wakati mume wangu kichwani hana hata unywele mmoja. Nikavifunga kwenye karatasi, nikampelekea mdogo wangu.

"Mvi, dada?"

"Mvi."

"Yaani kakuacha wewe kaenda kwa bibi kizee?"

"Ndiyo maana nimekasirika. Angekuwa msichana ningesema ni ujinga wa wanaume. Lakini mvi? Hayo ni mapenzi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nikimkuta huko, nafunga mizigo yangu.

Alhamisi iliyofuata nilivaa miwani ya jua na mtandio wa mdogo wangu, nikamfuata. Aliyelipiga picha jangwa zima kutoka angani hakugeuka nyuma hata mara moja. Alipita nyuma ya gereji, akaingia kwenye safu ya nyumba za vyumba viwili viwili, akafungua mlango wa kijani bila kupiga hodi. Hapo paliniuma. Nilisimama kando ya pipa la maji chini ya dirisha, nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, kisha sauti ya mume wangu, ya upole nisioupata mimi tangu harusi.

"Inua kidevu."

Nikausukuma mlango.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti, taulo letu la bluu shingoni, povu shavuni, mikono yake ikitetemeka mapajani. Mume wangu alikuwa ameshika wembe. Ukutani spana zilitundikwa kwenye misumari, kuanzia ndogo hadi kubwa. Nilimtambua kwa zile spana, si kwa sura: yule fundi niliyemlaani mezani kwangu.

"Nani?" aliuliza yule mzee bila kugeuka, kwa kuuogopa wembe.

Nikajibu mwenyewe. "Mkewe."

"Karibu, shemeji. Haya, afande. Kaja mwenyewe. Mwambie."

"Aniambie nini?"

"Siku ya kwanza alipokuja aliniuliza anifanyie nini. Nikamwambia, sitaki barua kwa wakubwa, wengi wao washakufa. Mwambie mtu mmoja tu, yule unayeogopa kumpoteza. Mwaka wa kumi na tisa huu ananinyoa. Kila Alhamisi namwuliza, umesema? Anasema, bado."

Mume wangu aliulaza wembe ukingoni mwa beseni. Alizungumza akiyatazama maji.

"Nilitaka kubeba kamera ya pili, nifike mbali kuliko wote. Ndege ikawa nzito. Nikamwamuru aliache tangi la akiba tupu. Kwa mdomo tu. Fomu alikuwa ameshaitia sahihi asubuhi, kama walivyofanya mafundi wote. Waliponiuliza, nikasema sijui."

Afadhali angekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua la kumwambia. Nilihisi aibu imenipanda hadi masikioni, kwa sababu laana zote zile nilizitoa mimi, kwa mdomo wangu, naye akiniachia.

"Nimekutukana miaka yote hii," nilimwambia fundi.

"Najua. Hilo alikuwa ananiambia." Akainua kidevu tena. "Malizia, afande, sabuni inakauka."

Mume wangu alimaliza, akamfuta uso. Fundi alijipapasa shavu huku na huku.

"Alhamisi ijayo usije," alisema.

"Nani atakunyoa?"

"Binti yangu anakaa nyumba ya tatu, kila siku ananigombeza kwa nini simwachii yeye. Mimi nilikuwa nakungoja useme. Kunyolewa sikuwa na shida nako."

Mume wangu aliosha wembe, akaukausha, akauweka mfukoni, akautoa tena akauacha mezani. Mlangoni alininyooshea mkono twende. Nikamwambia atangulie. Nilivuta kigoda, nikakaa mbele ya fundi, nikamwomba anieleze aliishije mwaka ule aliofukuzwa, na asiruke hata siku moja.