Mguu wa Kukanyagia

Fundi alichoka kabla mguu haujaharibika. Hilo lieleweke kwanza, maana baadaye watu walimwita mjinga, na mjinga hakuwa. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyeshona nguo za watu tangu usichana wake, na tangu usichana huohuo alijichoma sindano za insulini kila siku, kazini na nyumbani, sikukuu na siku za msiba. Ngozi ya tumbo ilikuwa imeota vigimba palipozoea kuchomwa. Vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, na macho yalififia hata kutunga uzi kukamshinda. Ilibidi amwite wifi yake, mke wa kaka yake, aliyepiga pasi na kushona vifungo katika chumba hichohicho.

"Wifi, njoo unitungie."

"Naja. Siku hizi hata mlango utaukosa wewe."

"Mlango nitaupapasa. Tunga kwanza."

Kaka yake alikuwa mwashi, mtu wa sauti kubwa, iliyozoea kushindana na mashine ya kuchanganya zege. Yeye naye alipatikana na kisukari, lakini ukubwani, akiwa na kitambi kilichomtangulia kila alikokwenda. Alipewa vidonge, akaambiwa apunguze mwili. Sifa yake nitampa: aliacha soda, akaacha kuongeza sahani, akawa anakwenda kazini kwa miguu. Kitambi kikaisha, sukari ikatulia, na daktari akamwachisha vidonge huku akimsisitiza aendelee kupima. Habari ya kuachishwa vidonge aliisikia vizuri sana. Ya kupima ilimpita.

Tangu hapo akawa mhubiri. Mkewe alimbandika jina la Daktari Simenti, na jina likamkaa. Jioni moja alikuja chumba cha kazi, akakaa juu ya robota la vitambaa, akamkazia macho dada yake aliyekuwa akivuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Mdogo wangu, utajichoma mpaka lini?"

"Mpaka nife, kaka. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Hebu niambie, chako ni kisukari aina ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Mimi ya pili. Sasa sikiliza. Ukuta wa kozi moja, safu moja ya matofali, na ukuta wa kozi mbili, upi mzito kuubomoa?"

"Wa kozi mbili."

"Basi! Mimi nimeubomoa wa mbili kwa mboga na kutembea. Wewe unashindwa na wa kozi moja?"

Mkewe akadakia kutoka kwenye pasi, "Daktari Simenti, umeanza. Kesho utampiga plasta."

"Cheka tu. Mimi si nimepona?"

Hakuwa amepona. Ugonjwa wake ulikuwa umetulia tu, na haukuwa ugonjwa wa dada yake. Hapa sitamung'unya maneno: mtu anayemshauri mgonjwa aache dawa kwa sababu yeye mwenyewe aliacha, anacheza na roho ya mwenzake, hata kama anampenda. Kumpenda mtu hakumfanyi mtu kuwa mganga.

Lakini fundi alichoka, na aliyechoka huambiwa "pumzika" akaamini. Akaacha sindano. Akala mboga. Akatembea. Siku ya kwanza alijisikia huru kama mwanafunzi aliyefunga shule. Kisha kiu ikamshika, kiu isiyokatwa na maji. Akawa anatoka chooni anarudi chooni. Kichefuchefu kikafuata. Kaka yake alisema ni uchafu unatoka mwilini.

Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Asubuhi moja alishona sare za watu huku akiwa ameinamisha kichwa, anahema kwa nguvu kama aliyepanda ngazi. Wifi alipoinama kuokota kifungo, akaona damu kwenye kikanyagio.

"Wifi! Mguu wako!"

"Una nini?"

Pini ilikuwa imepenya kandambili, imezama kwenye unyayo, na jipu limeshaanza kuzunguka kidole gumba. Haikuwa pini ya siku hiyo. Alikuwa ameikanyagia na kuikanyagia, akishona, bila kuhisi kitu. Wifi akamtazama usoni, akaona midomo imekauka na macho hayamfuati. Hakumngoja mumewe atoe ushauri. Aliita gari.

Hospitalini walimwekea maji na insulini kwanza, maana uhai ulikuwa mbele ya mguu. Kaka mtu alifika na vumbi la kazini nyweleni, akamkuta daktari, mama wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Nani alimwachisha insulini?" daktari akauliza.

"Mimi, daktari. Yangu ni aina ya pili, niliituliza kwa mboga na kutembea. Nilidhani... yake si aina ya kwanza? Nilijua ndiyo ndogo."

Daktari hakufoka. Nadhani alikwisha kusikia hayo mara nyingi mno.

"Baba, hakuna ndogo wala kubwa. Wewe mwili wako bado unatengeneza insulini, ila haifanyi kazi sawasawa. Ndiyo maana chakula na mazoezi vilikusaidia. Wake uliacha kuitengeneza tangu akiwa msichana. Hata akila majani matupu, bila sindano hafiki mbali. Ni magonjwa mawili yenye jina moja."

"Na mguu?"

"Tunaupigania. Ungekuwa wako ningesema hivyohivyo."

Kidole gumba kilikatwa, na kingine kilicho jirani nacho. Mguu ulibaki.

Fundi aliporudi nyumbani, kaka yake alikuja akiwa na matunda na hotuba ndefu ya msamaha. Fundi alimkatiza katikati.

"Kaka, sina nguvu ya kukusikiliza ukilia. Msamaha nimeshakupa, usiugeuze mzigo wangu mwingine. Mimi nyayo zangu sizihisi, na macho hayazioni. Mke wako ana kazi za watu wawili tayari. Wewe utakuja kila jioni kuniangalia miguu."

"Kila jioni?"

"Mimi najichoma kila siku. Na ukimaliza yangu, unapima sukari yako hapahapa, nikisikia."

Sasa huja ametoka kujenga, hunawa mikono kwa sabuni, huchuchumaa mbele ya kiti cha dada yake na kuinua mguu ule uliopungua. Magoti yake hulia. Hakuna anayemwita daktari tena, hata kwa utani.

"Safi leo," husema.

"Umeangalia katikati ya vidole?"

"Nimeangalia."

"Angalia tena."

Naye huinama, akatanua vidole vilivyobaki kimoja kimoja, akaangalia tena.