Sindano za Asiyeumwa

Kila nikinusa spiriti, makalio hujikaza yenyewe. Nilipopasuliwa kidole tumbo utotoni, nilichomwa penisilini mpaka mbu wa Sumbawanga nzima wakaniogopa. Kwenye kitanda jirani alilala binti wa kijiji cha Milepa, naye kapasuliwa vilevile. Baba yake akaja kumchukua, ulezi wa shamba la kijiji ukisubiri mikono ya kuuvuna.

“Mshono umekauka, Sista,” akamwambia muuguzi. “Haumwi, mnamchoma ya nini?”

“Tunazuia usaha, mzee. Tukingoja aumwe, tumechelewa.”

Baba akambeba. Binti akanikebehi mlangoni, “Baki na sindano zako, wee mlialia!”

Wiki haikuisha, trekta la kijiji likamrudisha, tumbo limevimba kama ngoma, hamjibu mtu.

“Mchome sasa, Sista,” baba yake alisihi. “Mchome hata zote.”

Sista alikuwa ameshaanza kumfunika shuka usoni.