Niliwarekodi Bibi Zangu Ili Wakala Aniamini

Kosa ni langu. Shetani simsingizii, maana hata yeye angeona haya. Lilianza Jumanne saa kumi na dakika ishirini alasiri, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa nyuma ya jiko letu, Baleni, simu ya babu mkononi.

Mniwie radhi sitaji jina. Kisiwa chetu hiki cha Mafia, ukipiga chafya Kilindoni, watu wa kijiji cha Kanga wanakuitikia yarhamukallah.

Mimi niko kidato cha tatu na siongei. Si bubu, ni aibu tu. Darasani nikiulizwa swali nainama kama nimeangusha peni. Ndiyo maana naandika. Nilianza na shajara, shajara ikanenepa, ikawa riwaya. Kaunta buku tatu, mbele na nyuma!

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitwambia Dar es Salaam kuna watu wanaitwa mawakala wa waandishi. Unampelekea mswada, akiupenda anakutafutia mchapishaji. Akaandika ubaoni namba za watatu. Darasa zima likacheka. Mimi nikanakili.

Simu sina, nikatumia ya babu. Aliletewa na ami yangu, naye huitumia kuangalia saa za swala na kupokea salamu, basi. Akienda shambani, huku nyuma mimi nachapa. Sura tatu za mwanzo zilinila miezi miwili.

Wakala wa kwanza akajibu, "Asante, kazi yako haiendani na mahitaji yetu kwa sasa." Mimi nikaishikilia ile "kwa sasa". Nikangoja siku mbili, nikamwandikia, "Shikamoo. Na sasa je?" Akanifungia!

Wa pili alisoma. Najua alisoma, tiki mbili za bluu zile pale. Hajajibu mpaka leo. Wiki nzima nilikuwa nazichungulia kama mgonjwa anayepima homa. Nikakonda. Bibi akasema nina minyoo, akaninywesha mwarobaini asubuhi na jioni. Kukataliwa kuchungu, jamani, lakini mwarobaini!

Wa tatu alikuwa mwanamke, na ndiye wa hiyo Jumanne. Ila kabla sijawaambia alichoandika, lazima niwaeleze nyumba yetu.

Babu ana wake wawili. Bi Mkubwa ndiye mama wa baba yangu, na ndiye anayenilea. Bi Mdogo anakaa nyumba ya pili, kuna mpapai tu katikati. Kijiji kizima kinajua kwamba hawasemeshani, mwaka wa thelathini sasa. Wakikutana kisimani kila mtu anaitazama ndoo yake.

Uongo mtupu! Kila Alhamisi, babu akienda Kilindoni na nazi zake, wale wawili wanakutana kwenye kibanda cha shamba la mihogo. Wanakula pweza sahani moja na kucheka mpaka wanashikana mabega wasianguke. Mimi ndiye mbeba chai. Waliniacha nikae nao kwa sababu, kama alivyosema Bi Mdogo, "Huyu hana mdomo."

Ugomvi wao ni wa kutunga. Zamani walipokuwa wakipatana hadharani, babu alileta kila kitu kimoja. Kilo moja ya sukari, "Gawaneni, nyinyi ndugu." Doti moja ya khanga, kila mke kipande chake! Siku waliyoanza kugombana, shehe akamkumbusha babu habari ya uadilifu. Tangu hapo doti zinakuja mbili, na sukari vilevile. Wakaona, ah, kumbe ugomvi una faida. Wakaushika.

Siri hiyo ndiyo riwaya yangu. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilibadilisha majina nikajiona nimemaliza.

Sasa wakala wa tatu akaandika hivi: "Lugha yako ina uhai, lakini hadithi haiaminiki. Wake wenza hawawezi kuigiza ugomvi miaka thelathini mume asijue. Mwanaume gani huyo?"

Mwanaume gani? Mwanaume huyo hapo, barazani, anakata kucha!

Nililia, kisha nikapandwa na hasira. Angesema naandika vibaya ningevumilia. Lakini kuambiwa nimetunga uongo kitu ninachokibebea chai kila wiki! Nikaapa nitamwonyesha.

Alhamisi, babu alipoondoka akaiacha simu nyumbani kama kawaida, nikaitia ndani ya pakacha, chini ya mihogo. Nikarekodi. Dakika kumi na moja. Bi Mkubwa alikuwa akieleza mambo ya khanga, Bi Mdogo akimwigiza babu. "Akitaka kudanganya lazima akohoe kwanza. Kho! Soko leo baya, wake zangu. Kho!" Wakacheka. Hata mimi nilicheka, na kicheko changu kimo mle.

Jioni nikamtumia wakala, na maneno mawili tu: "Sikiliza mwenyewe."

Ijumaa baada ya swala tulikuwa tunakula, babu, Bi Mkubwa na mimi. Simu ikaita. Nikaiona namba ya yule wakala.

"Pokea," babu akasema, "vidole vyangu vina mchuzi."

Nikainama.

"Pokea, mtoto! Simu haing'ati."

Nikabonyeza, lakini sauti haikutoka. Na simu ya babu daima iko kwenye spika, kwa sababu masikio yake yamechoka.

"Halo? Naongea na mwandishi?"

"Mwandishi gani?" babu akadakia. "Mimi mkulima wa minazi."

"Oh, samahani mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Namtafuta binti aliyenitumia sauti za wale wake wenza. Mzee, nimecheka mpaka nimelia! Nimewasikilizisha ofisi nzima. Yule anayemwigiza mumewe anavyokohoa! Hebu niambie mzee wangu, huyo mume yupo kweli?"

Bi Mkubwa aliacha kijiko hewani.

"Yupo," babu akasema.

"Anakaa wapi?"

"Unaongea naye."

Simu ikakatwa. Mimi nilitamani mkeka unimeze.

Babu akanawa mikono polepole, akaniambia niiweke hiyo sauti. Nikaiweka. Dakika kumi na moja, ndugu zangu, ndefu kuliko Ramadhani! Ilipofika sehemu ya kukohoa, babu koo likamwasha. Akajizuia mpaka macho yakamtoka machozi. Hatimaye akakohoa. Bi Mkubwa akaangua kicheko, kikamtoka kabla hajakiziba, na hapo ndipo alipoharibu kabisa.

Babu hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mimi nimewaombea," alisema. "Kila anayekwenda Hija kutoka hapa nampa ujumbe wangu, niombee wake zangu wapatane. Watu saba! Wamesimama mbele ya Kaaba wakiombea ugomvi ambao haupo!"

"Lakini dua imekubaliwa, mume wangu," Bi Mkubwa akasema taratibu. "Tumepatana sana."

Lo! Babu akavaa kofia, akachukua simu na mto wake, akaita bodaboda, akaenda Kanga kwa dada yake. Alisema harudi. Bi Mdogo alisimama mlangoni kwake, mkono kinywani, akimtazama mumewe anavyotokomea na mto.

Bi Mkubwa akanigeukia. "Nilidhani huna mdomo. Kumbe mdomo wako uko mkononi."

Baada ya hapo, kimya. Aliniwekea sahani ya jioni akaondoka. Na yeye ndiye mtu pekee duniani niliyekuwa naongea naye bila kuinama. Simu za Dar zilinikataa mara tatu, nikaishi. Lakini kukataliwa na bibi, siku moja tu, nilihisi kama nyumba imehamwa na mimi nimesahauliwa ndani.

Asubuhi iliyofuata sikungoja chai. Nikaenda Kanga.

Nilimkuta babu kibarazani kwa dada yake, uso umemvimba kwa kununa. Yule dada alikuwa amemchoka tayari. Aliponiona tu akasema, "Umekuja kumchukua? Mwenyezi Mungu akulipe. Tangu jana anapima kikohozi, anauliza kama kweli kiko hivyo."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akanisukumia simu. "Huyo mama yako wa Dar kaandika. Miwani nimeiacha. Soma."

Nikasoma kwa sauti. Wakala aliomba radhi kwanza. Kisha: "Sasa naamini. Nitumie mswada wote. Nina hakika nitakupatia mchapishaji."

Jamani! Maneno niliyoyaota miezi yote ile, nayasoma mbele ya mtu niliyemvunjia nyumba!

Babu hakuninong'oneza la kusema. Alitazama barabarani tu. "Mjibu," akasema.

Ningeweza kuandika. Ningeandika vizuri, na huenda ningeacha mlango wazi kidogo, najijua. Basi nikabonyeza pa kurekodi, nikaongea kwa mdomo wangu:

"Shikamoo. Ni mimi mwandishi. Ile riwaya naiondoa. Ni siri ya watu na sikuwaomba. Ile sauti tafadhali ifute, na ofisi yako waambie wasiisimulie. Nikitunga nyingine, ya kutunga kweli, nitakuletea uikatae."

Nikaachia kidole. Ikaenda. Nikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa.

Babu akauliza, "Umemkataa?"

"Ndiyo."

"Yule uliyekuwa unamtaka?"

"Ndiyo, babu."

Akajikuna kidevu. "Wewe unaongea vizuri tu," akasema. "Muulize dada yangu ule mto wangu kauweka wapi."

Amerudi, alhamdulillahi. Siku hizi wanakula barazani wote watatu, mchana kweupe, na babu ndiye anayecheka kuliko wote. Lakini nikisogea, Bi Mdogo anasema, "Nyamazeni, mwandishi kaingia." Wageni wanadhani ni utani. Lakini wao watatu wananyamaza kweli.

Wewe unayeandika kwa kujificha kama mimi, nakuomba! Ukikataliwa, kataliwa. Lia, nawa uso, anza ukurasa mwingine. Usiende kuiba maneno ya wanaokupenda ili umshinde mtu asiyeijua hata sura yako. Unaweza ukamshinda. Mimi nilimshinda, na sasa naijua ladha ya chakula cha kula peke yangu.