Lakiri Juu ya Shaba ya Moto

Idara ya Afya ya wilaya inautangazia umma kwamba mafuta ya majani ya zaatari ya mlimani yanayokenekwa majumbani hayana nguvu yoyote juu ya vijidudu. Kwamba mafuta hayohayo ni makali kiasi cha kuunguza ngozi, koo na macho. Na kwamba, kwa sababu hizo mbili, kila mtambo wa kuyakenekea utapigwa lakiri.

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti sokoni kwetu, chini ya mlima wa Zaghuani, na msomaji hakujikwaa popote. Dhahbia, mjane mwenye sauti ya kuitia kondoo, alilisikiliza mpaka mwisho.

"Mdudu hayamdhuru, mimi yananichubua," alisema. "Afadhali ningezaliwa mdudu."

Mtambo ni wake, ameachiwa na mama mkwe: sufuria kubwa la shaba lenye kofia, na mrija ambamo mvuke hupoa ukawa mafuta. Ni wake kwa jina. Majira ya kuchipua, kila nyumba inapoandaa akiba ya mwaka, kuskusi zikianikwa juu ya paa na pilipili zikitungwa, mtambo huzunguka nyumba kwa nyumba. Aliyemaliza humpa anayefuata, na mwenye mali haruhusiwi kuudai. Kuna watu hapa waliosamehewa wizi. Aliyedai mtambo katikati ya msimu bado anasimuliwa.

Elimu ya Dhahbia haikuwa ya bure. Alipokuwa bibi harusi aliumwa koo, akayasukutua mafuta hayo bila kuyachanganya na kitu, kwa hoja kwamba kilicho kikali zaidi huponya zaidi. Siku kadhaa aliishi kwa maziwa baridi, na kidevuni yalipomchuruzika pamebaki alama. Tangu hapo ni matone machache ndani ya kikombe cha mafuta ya zeituni, kwa michubuko, kwato za kondoo na vitambaa vya kuchujia jibini. Si ya kunywa, si ya mtoto mchanga. Anayemletea jeraha la kina humfukuzia hospitali kwa matusi.

Afisa wa lakiri aliitwa Naufal, kijana mpole wa mjini. Alimkuta Dhahbia uani, mtambo ukitokota. Majirani walikuwa wamemshauri auzungushe usionekane. Alikataa. Alisema anayeficha amekubali kosa, akafungua lango lote.

"Mama, naomba uzime moto."

"Na mimi naomba ukae. Umekula?"

"Nimekuja kikazi, mama."

"Kwani kazi imekushibisha?"

Naufal alikula. Kisha akawasha kibiriti, akayeyusha kijiti cha nta ya lakiri na kuidondoshea kwenye ukingo wa kofia. Ikateleza juu ya shaba ya moto kama asali, ikaishia majivuni. Akarudia. Majivu yakapata lakiri zaidi.

"Itabidi ipoe," alisema.

"Poa nayo, mwanangu. Ila zamu ya Jannati imefika."

Jannati, jirani wa ukuta wa pili, alikuwa ameshaingia na wifi yake, wamebeba magunia yaliyoloweshwa. Waliukumbatia mtambo kwa magunia, mvuke ukafuka.

"Pisha, kaka, utaungua," alisema Jannati. "Si umesikia tangazo?"

Naufal akamgeukia Dhahbia. "Mwambie aurudishe! Si mali yako?"

"Mali yangu. Niudai sasa, nani atakuja kunizika?"

"Nitaleta askari, mama."

"Walete, mkate upo." Dhahbia alimsogelea, akainua kidevu. "Tazama hapa. Kwamba yanaunguza, ni kweli. Litangaze hilo kila Ijumaa, nitakushikia kipaza sauti mwenyewe. Lakini lile la kwanza, la vijidudu, ulifute. Mimi siitwi mwongo na redio ya sokoni."

"Siwezi kufuta. Limetoka juu."

"Na mimi siwezi kuzima. Basi tumekutana wawili tusioweza."

Kwa haki ya Naufal, alijitahidi. Aliufuata mtambo kwa Jannati, ambako moto ulikuwa tayari, na kutoka hapo kwa nyumba iliyofuata, na iliyofuata. Kila alipofika shaba ilikuwa ya moto na chakula kilikuwa mezani. Askari aliowaomba walimjibu kwamba watakuja mtambo ukishapoa. Akarudi mjini na kijiti cha lakiri kilichobaki, amenenepa kidogo.

Zaatari ilipomaliza kutoa maua, mtambo ulirudi kwa Dhahbia. Aliusugua kwa ndimu na majivu, akauweka uani mkabala na barabara, lango wazi, ukiwa baridi kabisa. Kiangazi kizima hakuja mtu.

Dawa ya kusafishia sakafu ya zahanati yetu, ambayo huletwa na Idara, haijafika tangu majira ya baridi. Muuguzi hupiga deki kwa maji yenye matone ya zaatari. Mkaguzi wa Idara aliyepita mwezi wa nane aliusifu usafi wa hapo, akashauri zahanati nyingine ziige.