Kilio nilichokifuta kwenye kanda ya Misungwi

Leo nimeulizwa swali kazini, mpaka sasa chakula hakipiti.

Mnajua kazi yangu pale maktaba ya chuo: kaseti za zamani nazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika.

Asubuhi kaja bibi mmoja kutoka Misungwi. Marehemu mumewe alirekodiwa akiimba nyumbani kwao, miaka hiyo, na kanda yenyewe tunayo sisi.

Shikamoo, marahaba, nikamvalisha hedifoni.

Jamani, nilivyokuwa najidai! Kelele zote nimetoa, sauti ya mzee imenyooka utadhani yuko hapo mezani.

Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Hakutabasamu.

"Mtoto yuko wapi?"

Mtoto gani tena? Nyie mngemjibu nini?

"Siku ile nilikuwa na mtoto mgongoni. Alikuwa analia."

Nikakumbuka. Ni kweli alikuwepo. Nilimfuta mimi, nikamhesabu kuwa kelele.

Nashukuru Mungu, kwetu maktaba ni mwiko kufuta rekodi ya mwanzo. Hata ukiisafisha, ile chafu unaitunza. Nikaifungua.

Mtoto akalia.

Bibi akazishika zile hedifoni kwa mikono miwili, taratibu, kama ameshika kichwa cha mtu.

"Huyo ni Kulwa wangu. Pacha wake, Doto, ana wajukuu sasa. Kulwa alituacha hata kusimama hajaweza."

Nikamwambia nitamwekea wimbo wote kwenye simu yake ya kitochi, aende nao nyumbani.

Akatikisa kichwa.

"Wimbo bakini nao, mwanangu. Mimi nikatie hapo anapolia tu."